Kanga Nyuma ya Viti vya Mbele

Tumaini,

Dagaa wa usipa wamo kwenye sufuria, nimewafunika. Ndizi ziko jikoni. Kuku wafungulie. Athuman akija kuuliza habari za ile Starlet yake aliyotuachia tuijaribu, mwambie ~~bado tunafikiri~~ tunainunua.

Ndiyo, Baba amekubali. Jana si alisema kigari cha milango miwili, kilichotembea kilomita laki mbili, kitawakalisha wapi mkwe na baba mkwe wasionane, kama mila inavyotaka? Nililia kidogo, hukujua. Leo ulipotoka tu kwenda kwenye shamba la kokoa, Mama akatundika kanga yake nyuma ya viti vya mbele. Nikajificha nyuma ya nyumba mpaka Baba alipoingia kwenye kiti cha nyuma, kisha nikaingia mbele na Mama na kugeuza kioo cha ndani kitazame paa.

Basi nyuma sioni kitu. Baba akaanza: "Mama Tumaini, mwambie mkwe kuna lori nyuma. Mwambie limepita." Tulipofika kwenye lami akasema: "Mwambie nyuma hakuna mtu. Akanyage."

Nikakanyaga. Ile tabo ya injini ikaamka, gari likaruka, Mama akashika kiti akiomba Mungu, na nyuma ya kanga nikamsikia Baba anacheka. Tangu nilipoolewa sijawahi kumsikia akicheka.

Sasa tunakwenda soko la Lyulilo kununua vyungu. Vyungu tunavyo tele, lakini Baba anasema havitoshi.

Kanga ya Mama usiitafute kambani. Ni ya gari sasa.

Mkeo,
dereva wa Baba