Sekenke Uliyonijengea

Kaka Rama,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Duka la kuchapa barua liko wazi. Watu wanaleta maombi ya kazi na kadi za harusi, nami nachapa kwenye ileile kompyuta ya mtumba uliyoipakata kutoka Dar es Salaam kama mtoto mchanga. Mchana wateja wakipungua, nakaa. Hapo ndipo unaponijia.

Unakumbuka ulivyonifundisha lile gemu la wafalme wa zamani? Kiingereza kilinipiga chenga, ukanitafsiria neno kwa neno: hili shamba, hiki kisima, hawa watu wamechoka na kodi. Majina ya miji yalitushinda kutamka, tukaipa ya vijiji vya kwetu. Mji mkuu ukawa Unyambwa, wa barabarani Ihanja, na kile kijiji cha vibanda vitatu kule mlimani nikakiita Sekenke. Ulitaka kuta kwanza. Nilikuwa nakwambia, "Kaka, watu hawali ukuta," nawe unacheka mpaka miwani inashuka puani.

Sekenke niliilea mimi. Wiki nzima nilikuwa nachimba visima na kupanua mashamba, mpaka watu wakahamia wenyewe na soko likafunguliwa. Halafu siku moja nilikwenda kuswali adhuhuri, ukawachukua askari wote wa Sekenke ukavamie mji wa jirani. Niliporudi, Sekenke ilikuwa inaungua.

"Mwajuma, huu niliouteka ni mkubwa zaidi," ulisema.

"Basi kaa nao," nikakujibu, nikachukua mtandio wangu nikaondoka.

Siku tatu sikukanyaga dukani. Siku tatu, kaka, kwa ajili ya nyumba za kwenye kioo! Ya nne ulikwenda Manyoni kufuata karatasi, na basi lililokuwa linakurudisha likapinduka.

Baada ya arobaini nilifungua duka. Niliwasha kompyuta nikitafuta barua ya mteja, mkono ukaenda wenyewe kwenye gemu. Sekenke ilikuwa imesimama. Mashamba, kisima, soko, vyote kwa mpangilio wangu, kisima kikitangulia. Ukuta hukujenga hata tofali moja. Ule mji mkubwa ulikuwa umeuacha, na askari wote umewarudisha kuilinda Sekenke. Kumbe siku zile nilizonuna, ulikuwa hapa peke yako ukinijengea.

Nililia mpaka mama muuza vitumbua wa mlango wa pili akaja kunishika.

Tangu siku ile nilikuwa naufungua mji wetu na kuutazama tu. Kubonyeza kitufe ili mwaka wa gemu ugeuke nilishindwa. Mfalme wetu ni mzee sasa, na nilijua miaka ikienda atakufa. Nikaona bora mji ubaki pale ulipouachia wewe.

Wifi Hadija alipomaliza eda, alikuja dukani. Unajua alivyolichukia hili gemu, alivyokuwa analiita mke mwenzake. Akavuta kiti. "Wifi, nionyeshe alichokuwa anakifanya humu."

Nikamwonyesha mji mmoja mmoja. Tulipofika Sekenke akauliza, "Ndio huu mlionuniana?" Nikaitikia kwa kichwa. Akautazama sana, kisha akasema, "Usiku wa kuamkia safari ya Manyoni alirudi nyumbani anachekacheka. Nikamuuliza kuna nini, akaniambia, 'Mwajuma akirudi dukani utamsikia anavyopiga kelele za furaha.'"

Hakuna aliyeniambia hilo, kaka. Nilidhani ulikwenda Manyoni na kinyongo.

Akaniuliza kitufe cha kugeuza mwaka ni kipi, akakibonyeza kabla sijamzuia. Mvua zikanyesha, watu wa Ihanja wakavuna. Alipobonyeza mara ya tano mfalme akafa. Halafu binti wa mfalme akakalia kiti cha enzi, na Hadija akasema, "Haya, huyu naye anataka nini?"

Nimekukosa, kaka. Nimekikosa kicheko chako, na hata ubishi wako wa kuta. Kuna saa nageuka kukuuliza neno, nakuta ukuta mtupu.

Jumatatu Hadija anaanza kazi hapa. Nitamfundisha kuchapa, naye ameshaanza kunisahihisha jinsi ninavyopanga mashamba. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Nakuahidi jambo moja tu: mimi na yeye tukigombana, na tutagombana, nitarudi siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Mwajuma