Chungwa Lilelile Ubaoni

14 Januari

Dada mpendwa,

Habari za huko? Shemeji na mgongo wake wanaendeleaje? Sisi wazima, ila suti niliyoshona baada ya kupewa ukuu wa shule imeanza kunibana tumbo. Nadhani suti haina kosa.

Dada, kazi ninayo. Darasa la mwisho wanafeli hesabu, basi nimeanza kuingia madarasani na kukaa nyuma kimya. Mwalimu wa hesabu akafundisha sehemu kwa chungwa alilolichora ubaoni na kuligawa vipande, somo safi kama limepigwa pasi. Wiki iliyofuata nikaingia tena: sehemu zilezile, chungwa lilelile ubaoni. Binti anayekaa dirishani akaninong'oneza, "Mkuu, hili tunafundishwa ukija tu."

Nikamwita mwalimu ofisini, nikamwambia chungwa lake nimelichoka. Hapo nikaharibu. Ameomba uhamisho. Akiondoka kabla ya mtihani, sina mwingine. Nifanyeje?

Mdogo wako

2 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Mgongo unamuuma siku za kufua tu.

Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Wewe mwenyewe, mama akikusimamia ukiosha vyombo, si ulikuwa unasugua sahani moja mpaka aondoke? Leo unataka mtu mzima akuoneshe vyombo vichafu! Na chaki umeishika lini mara ya mwisho, mkuu? Fundisha wewe, walimu wakae nyuma wakukosoe. Na usinune, nakujua.

Dada yako

21 Februari

Dada,

Salamu kwenu nyote. Sisi tu wazima, mimi nikiwa na aibu kidogo.

Nimefundisha milinganyo, walimu wote nyuma. Jasho lilinitoka kama nimebeba magunia. Nikahamisha namba upande wa pili, nikasahau kubadili alama, na darasa zima likanakili. Nikauliza, "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Nikajipongeza.

Baadaye nikawaomba walimu waseme. Mwalimu wa hesabu akasema, "Mkuu, alama ni jambo dogo. Ile 'ndiyo' ni ya mstari wa mbele. Binti wa dirishani hukumuuliza kitu."

"Kweli, sikumuuliza."

Akatazama viatu vyake. "Mimi pia simuulizi. Atakosa, nami sijui nimweleze vipi tena."

Mwalimu wa lugha akavuta kiti. "Basi tufikirie wote." Tukakaa hadi chai ikapoa. Mwalimu wa hesabu amenikaribisha darasani kwake Alhamisi, na chungwa halitakuwepo. Ila uhamisho bado anautaka.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Au siku hizi kunijibu ni kazi ya karani wako? Sema basi, mwalimu yupo au kaenda?

Dada yako

9 Mei

Dada yangu,

Niwie radhi, sote wazima. Nilikuwa naogopa kukuandikia habari mbaya.

Uhamisho ulikubaliwa: shule nzuri, karibu na kwake. Nikampa mkono, nikatabasamu kwa uso huu unaoujua. Akanishangaa. "Mkuu, nimeshawajibu kwamba nabaki."

"Kwa nini?"

"Kule kila mtu anafunga mlango wake. Nikikwama nitamwita nani?"

Kisha akaniharakisha, kipindi kinaanza. Binti wa dirishani alikuwa ubaoni. Bado anakosea, Dada, lakini sasa anakosea kwa sauti, na wenzake wanabishana naye hadi wafikie jibu. Nikapita na suti yangu, nikakaa nyuma. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Mdogo wako