Nimevaa Jezi Yako, Mtani

Mtani wangu, Baba Zuhura,

Kaa vizuri huko ulikolala, kama kuna namna ya kukaa. Ligi imekwisha na bingwa ni timu yangu. Tumewaacha mbali, tumewafunga kwenu na kwetu, na kombe limeletwa mpaka Newala likapitishwa barabarani, mimi nimelishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika muwa natafuna. Watu wenu wote wa Kitangari wamejifungia ndani wanasingizia mafua.

Haya, basi. Najua hata kaburini huwezi kuuvumilia uongo wa namna hiyo. Bingwa ni timu yako. Tena si kwa kubahatisha, ni kwa pointi nyingi mpaka aibu, na mechi bado zikiwa zimesalia. Nimeandika ile aya ya kwanza ili nione tu inavyopendeza machoni. Inapendeza sana.

Jina la timu yenyewe silitaji humu. Likipita mdomoni napata kiungulia, na kalamu nayo nimeikanya.

Sasa nikupe habari tangu uondoke. Uliondoka vibaya, mtani. Uliondoka ligi imesimama katikati, korona imefunga shule, imefunga viwanja, imefunga hata kibanda umiza chetu cha kutazamia mpira pale Newala mjini, ambacho mvua na polisi walikuwa hawajawahi kukifunga. Wewe kilichokuua ni presha yako ya siku zote, lakini siku zile kila aliyekufa alitazamwa kwa jicho la pembeni, na aliyetaka kwenda kumzika alitazamwa hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyogombana ligi iliposimama? Tulikuwa barazani kwako, wewe upande ule wa mlango, mimi upande huu, ndoo ya kunawia imewekwa katikati yetu. Redio yako kwenye kigoda, ileile uliyoinunua mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kugombea korosho na ukajiona tajiri kwa wiki nzima. Mtangazaji akasema hakuna mpira mpaka itakapotangazwa tena. Timu yangu ilikuwa nyuma sana, kwa hiyo nikasema msimu ufutwe. Nikatoa hoja za kisomi, mimi wa darasa la nne la misheni ya Lukuledi: ugonjwa ni wa dunia nzima, haki haipo tena, kila mtu aanze na sifuri, kwa ajili ya afya ya wachezaji.

Ukaniuliza, "Afya ya wachezaji, au afya yako?"

Halafu ukasema lile neno ambalo ulilirudia kila nilipokuja, mpaka Mama Zuhura akawa akiniona tu naegesha baiskeli anaingia ndani: "Ligi imesimama, haijafutwa. Pointi zipo palepale, na mechi zilizobaki zitachezwa." Ulilisema kama umeliandika wewe. Nikakuita mwanasheria wa mihogo.

Nawe hukuisubiri irudi. Hilo nalo ni kosa lako.

Mtani, wewe Mmakonde na mimi Mmakua, na mtani ndiye anayechekesha msibani. Msiba wako ulikuwa kazi yangu, kama msiba wa baba yangu ulivyokuwa kazi yako. Siku ile ulifanya nini? Uliingia kaburini kabla yake, ukajilaza, ukasema pana hewa nzuri na hutoki mpaka upewe jogoo. Ukamwita baba yangu mchoyo, ukasema hata hilo kaburi ameliazima. Mama yangu alikuwa amekaa kama gogo tangu jana yake, hali, hasemi. Alicheka mpaka khanga ikamwanguka. Na alipomaliza kucheka ndipo akalia, akalia vizuri, na jioni akaomba uji.

Kwa hiyo siku yako nilitoka Mnyambe nimejiandaa. Nilikuwa na filimbi. Nilikuwa na kadi nyekundu niliyoikata kwenye boksi la sabuni. Nia yangu nilisimamishe jeneza njiani, nikupe kadi kwa kosa la kupoteza muda. Nikakuta bwana afya amesimama kwenye njia ya makaburini, barakoa mpaka machoni. Akasema ni ndugu wa karibu tu, wachache, wazike upesi watawanyike. Nikamwambia, mimi ni mtani. Akanijibu, "Mzee, watani ndio hatari kabisa. Mnapiga kelele na kurusha mate."

Kijana wa watu hakukosea. Narusha mate.

Nikasimama chini ya mikorosho ya jirani, filimbi mfukoni. Nilisikia majembe. Sikusikia kingine. Walikufukia kwa haraka kama wanaopanda mihogo mvua inakuja, wakanawa mikono, wakaenda zao. Hakuna aliyekutukana hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimejaa matusi mazuri, yamekosa pa kwenda, sikulala.

Tangu hapo nyumba yako iliharibika. Simaanishi paa. Mama Zuhura akawa kama chungu kilichofunikwa. Nikienda ananipikia ugali wa muhogo na kisamvu. Nikimwambia kisamvu hiki hata mbuzi angeomba radhi akarudisha, ananijibu, "Asante, shemeji." Asante! Mwanamke aliyewahi kunifukuza na mchi kwa tusi dogo kuliko hilo! Siku moja akaniambia, bila kuniangalia, "Mume wangu amezikwa kama mpita njia." Akaendelea kuchambua choroko.

Msimu wa kupulizia mikorosho unga wa salfa ukafika. Kila shamba mabomba yananguruma, watu wamekuwa weupe kama mizimu, na mikorosho yako imekaa tu inasubiri ugonjwa wa ubwiriunga uje ule maua. Nikamuuliza nije nipulizie? Akasema iache. Zuhura akaja kutoka Masasi, akaona mama yake alivyokonda, akaamua: arobaini ikipita anamchukua, nyumba inafungwa, shamba apewe mtu akodi. Nilitaka kumbishia, nikaacha. Mtoto alikuwa na haki.

Wakati huo ligi ilikuwa imerudi. Nilikwenda kibandani, barakoa kidevuni kama wenzangu. Timu yangu ilifunga goli, nikaruka, nikageuka kukutafuta nikuumize. Pale alikuwepo kijana mmoja wa bodaboda. Akaniambia, "Shikamoo babu, kaa usianguke." Hata siku mlipotwaa ubingwa hakuna aliyenidhihaki. Wananiheshimu siku hizi, mtani. Ni jambo baya sana, usiombe likupate.

Njiani kurudi ndipo nikawaza. Mechi zilizobaki zinachezwa. Pointi zilikuwa palepale. Hakuna aliyesema Machi imepita basi tusahau. Kumbe yule mwanasheria wa mihogo alikuwa sahihi.

Siku ya arobaini nikafika Kitangari mapema, nikamwendea kaka yako mkubwa, Mzee Bakari, anayekunja uso hata akipewa pilau. Nikamwambia nadai utani wangu. Akasema, "Baba Anjela, utani wa msiba ni siku ya kuzika. Siku imepita. Leo watu wamekuja kusoma dua."

Nikamwambia, "Mzee Bakari, mazishi ya mdogo wako yalisimama, hayakufutwa. Imebaki mechi moja, ya watani."

Akafikiri. Akasema, "Ligi ina refa. Hapa refa nani?"

Sauti ikatoka jikoni: "Refa mimi."

Mama Zuhura alikuwa amesimama na mwiko. Akasema, "Dua imalizike kwanza. Halafu acheze."

Dua ikasomwa, nikatulia kama mtu mwenye dini, nawe ushahidi unao. Walipoitikia amina ya mwisho nikatoa filimbi. Mama Zuhura akanizuia kwa kiganja, akaingia ndani, akatoka na kofia yako na jezi yako. Ile jezi! Mimi niliyeapa mbele ya kibanda kizima kwamba nguo ile hainigusi hata kama sanda. Akaninyooshea. "Ukitaka kuwa yeye, vaa."

Nimevaa, mtani. Inabana kwapani. Ilinuka wewe, tumbaku na salfa ya mwaka jana.

Nikatembea unavyotembea, tumbo mbele kama umetumwa nalo. Nikakohoa kikohozi chako cha kuita watu. Nikakaa kwenye kiti chako, nikafoka, "Chai iko wapi? Na redio yangu nani kaigusa?" Watoto wakaanza kucheka. Nikasema mimi ndiye marehemu, nimerudi kwa sababu huko nimekuta wafu wote ni mashabiki wa timu ya Baba Anjela na wananinyima usingizi. Wajomba zako wakaangua kicheko. Mzee Bakari akatazama juu, bega likamtikisika.

Mama Zuhura hakucheka. Alinisogelea mpaka mwiko ukanigusa kifua, akaniuliza, "Mbona uliondoka bila kuniaga?"

Hakuwa ananiuliza mimi, unajua. Na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tu. Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa sauti yako: "Ulikuwa umelala. Nikikuamsha ungeniuliza naenda wapi."

Sijui lilitoka wapi neno hilo. Alinikodolea macho. Halafu akacheka, kicheko kile cha zamani kinachoanzia tumboni, akanichapa na mwiko begani, akanichapa tena, "Mwongo! Mwongo mkubwa wewe! Miaka yote mwongo!" na katikati ya kunichapa akaanza kulia. Wanawake wakampokea. Wakalia wote. Mzee Bakari alifuta macho kwa kofia akasema ni moshi wa pilau, na pilau ilikuwa imeepuliwa zamani. Mimi nilibaki pale na jezi yako nikalia kama mjinga, na nimepigwa picha. Zuhura ameituma kwenye simu za watu. Sasa Newala nzima wananiita Bingwa.

Nilipewa jogoo, mwembamba kama mawinga wenu.

Kesho yake asubuhi Mama Zuhura alituma mtu aniulize kama salfa ninayo au ninaringa tu. Tumepulizia mikorosho yote, ile ya barabarani na ile ya mteremkoni. Alisimama nyuma yangu akisema napulizia kama mtu anayempepea mgonjwa. Nilifurahi sana. Zuhura amerudi Masasi peke yake, na mlango wako uko wazi.

Basi pumzika, rafiki yangu. Sikuwahi kukuita hivyo ulipokuwa na masikio. Nakuahidi kila msimu nitakuletea matokeo, na uongo hautazidi aya moja. Mikorosho yako nitaiangalia mpaka mikono ikatae.

Limebaki jambo moja, na hili unadaiwa. Mimi nimefanya kazi yangu juu yako, japo kwa kuchelewa. Wewe yangu hujafanya, na wewe ndiye uliyekuwa umejiandaa kunitukana siku nitakapobebwa. Mama Zuhura amekubali kushika nafasi yako. Nimemchungulia uani akifanya mazoezi ya mwendo wangu, na anaweza, isipokuwa amejifunza kwako, kwa hiyo anaburuza mguu wa kulia. Maisha yako yote ukiniiga uliburuza wa kulia, watu wakacheka, nikakuacha. Mwendee ndotoni, mtani, mara moja tu, umwambie ni wa kushoto.