Siku Sita Nilizomficha Halima Habari ya Damu Yake

Temeke, Dar es Salaam

Dada yangu Mwamvita,

Shikamoo. Mie mwili mzima, moyo ndio umenielemea. Huko Tabora mmeamkaje? Mguu wa mama umepoa? Barua hii usimsomee, isome peke yako.

Zuhura wangu amelazwa mara mbili tangu nilipokuandikia. Viungo vinamkata hadi anauma kanga, na macho yamekuwa manjano kama binzari. Unakumbuka mama mkwe alivyosema, "Tumbo la huyu Tatu lina mkosi"? Ndiyo sababu Baba Zuhura akamwoa Halima, Mpare wa milimani, apate watoto wazima.

Basi akaja daktari mmoja Mzungu anayezunguka kupima damu za makabila. Wazaramo, Wanyamwezi, Waarabu wa madukani, wote tukatobolewa vidole. Tone linafunikwa kwenye kioo, linaachwa hadi kesho, ndipo linaangaliwa. Damu yangu na ya Baba Zuhura zote ziligeuka, chembe zikajikunja kama mundu. Dresa, yule msaidizi wa hospitali, akanieleza: "Mwenye nusu ya damu hii haumwi. Lakini nusu ya baba na nusu ya mama zikikutana kwa mtoto, ndiyo maradhi ya Zuhura. Si uchawi, wala si tumbo lako peke yako." Dada, nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Mama mkwe aliposikia aliinuka akaenda zake uani.

Akabaki Halima. Ana mimba ya miezi saba, na tangu ajue mume wetu ana ile nusu, chakula kikawa hakimpiti. Naye akapimwa. Kwa kuwa miguu ilimvimba, akaniomba nimchukulie jibu Ijumaa nitakapompeleka Zuhura hospitali.

"Yule damu yake safi," dresa akaniambia. "Huko milimani wenye hii ni wachache. Mwambie atulie, mwanawe hataugua kama Zuhura, hata akirithi nusu ya baba."

Mume yule yule, dada! Mie nizae wa kulia, yeye azae wa kucheza? Nikamwomba dresa aangalie tena. Akaangalia, jibu likawa lile lile.

Nilipofika, Halima alikuwa mlangoni. "Wamesemaje, dada?"

"Bado," nikamjibu.

Siku sita nilimtazama akisukuma sahani, nami nikaona raha. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi asubuhi maumivu yakamshika Zuhura. Hakunililia mimi, alimlilia Halima. "Mama mdogo, nikande!" Hata hilo lilinichoma. Halima akaketi sakafuni na tumbo lake zito, akamkanda magoti kwa kitambaa cha maji moto, machozi yakimdondoka.

"Dada Tatu," akasema, "wangu akizaliwa hivi, utanifundisha kumshika?"

Nikashindwa. "Wako hatakuwa hivi. Damu yako safi."

"Umejua lini?"

"Ijumaa."

Hakunitukana. Akakikamua kitambaa, akanipa. "Haya, mkande wewe." Akaenda jikoni, nikamsikia akipakua chakula. Tangu siku hiyo haniiti tena dada. Ananiita Mama Zuhura, kama wanavyoniita majirani.

Hata wewe nimekuonea wivu, usinifiche uso nikikwambia. Watoto watano, na hakuna anayeamka akililia mifupa. Lakini damu yetu ni moja. Kabla hujamwoza binti yako, mpeleke yeye na mchumba wake wakapimwe. Usisubiri kujua kama nilivyojua mie.

Nisalimie mama, na shemeji hapo kwenye cherehani yake, na shangazi aliyetulea, na mjomba mwalimu wa chuoni; mwambie amwombee Zuhura dua. Baba Zuhura anawasalimu.

Jana nilimpikia Halima uji wa pilipili manga. Aliunywa wote, akarudisha bakuli. Mtoto akizaliwa natamani niwe wa kwanza kumwosha. Sijui kama atanipa.

Mdogo wako asiye na pengine pa kusemea haya,
Tatu