Kura Moja ya Peña Mocha

Mpendwa Mshauri wa gazeti, Doña Remigia,

Nakuandikia moyo wangu ukiwa umetua, ila bado kuna mwiba mmoja ambao siwezi kuung'oa peke yangu.

Mimi ni karani wa mashine ya kusaga mahindi hapa Peña Mocha, naandika zamu za watu, na kila siku naandika shajara, kwa hiyo tarehe nitakazokupa ni sahihi. Kijiji chetu kina wapiga kura themanini na saba, na tangu enzi za babu zetu hatumchagui rais kila mtu kivyake. Tunakaa mkutanoni, tunajadiliana mpaka tunakubaliana, kisha wote tunampa kura mtu mmoja, kwa sababu kijiji kidogo kikigawanyika hakuna atakayekikumbuka. Tarehe 31 Oktoba tulikubaliana kumpa Ubaldo Arrechea, aliyeahidi kutujengea daraja la mto, mikono yote ikanyooshwa, na wangu ukiwemo.

Lakini mpinzani wake, Profesora Monsalve, ndiye aliyenifundisha sekondari, na baba yangu aliponitoa shule nikachunge mbuzi, mama yule alitembea kwa miguu kutoka mjini hadi kwetu, akamkalisha baba chini, akanirudisha darasani. Tarehe 7 Novemba, nilipokuwa peke yangu na ile karatasi, mkono ulikataa kwenda kwa Arrechea. Nilijidanganya kwamba wenye siri kama yangu tutakuwa watano au sita.

Mshauri, nilikuwa peke yangu. Na kwa bahati mbaya kura ya bahati nasibu ya serikali ilikuwa imeniteua kuwa katibu wa meza ya kuhesabia kura, hivyo msimamizi alipokuwa akiinua karatasi moja moja na kusoma jina, na watu dirishani wakiitikia "Arrechea!" kama wako kanisani kwenye litania, mara akasoma "Monsalve", nami nikachora mstari ule mmoja kwa mkono wangu mwenyewe, nimeinamisha kichwa.

Arrechea alishinda nchi nzima, na hakuna aliyerusha hata jiwe. Lakini kijijini walianza kumtafuta mwenye kura ile, na wote wakamshuku kompadre wangu Don Eleuterio, baba wa ubatizo wa binti yangu, kwa sababu siku ya mkutano alibisha sana kabla ya kunyoosha mkono. Tarehe 9 mkewe, Doña Casilda, alikuja mashineni na ndoo yake ya mahindi, wanawake wakamruka kwenye foleni, mmoja akasema, "Mrukeni huyo, Profesora wake atamsagia!" Tarehe 11 Casilda aliondoka saa tano bila kusaga. Tarehe 14 mkutano ulimvua Eleuterio zamu ya kusimamia sikukuu ya mtakatifu wetu, ile ya kulisha kijiji kizima siku tatu kwa mfuko wako, eti hastahili. Tarehe 16 Casilda alisagia nyumbani, kwa jiwe.

Tarehe 19 wahandisi walikuja kupima mto, daraja linajengwa, kura yangu haikulizuia, nikalala usingizi wa kwanza tangu uchaguzi. Asubuhi yake nilimfuata Eleuterio, alikuwa akifunga ua wa nguruwe.

"Kompadre, ile kura ni yangu."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mti wa ua. "Wewe? Uliyenuna pale mezani kama bibi harusi aliyekimbiwa?"

"Jumapili nitasema mkutanoni."

"Thubutu! Miaka kumi na mmoja naikimbia zamu ile ya sikukuu, leo wameniondolea wenyewe, wewe unataka kunirudishia? Funga domo, kompadre. Na vijana siku hizi wananisalimu kama jenerali!"

Nilirudi nyumbani mwepesi kama pamba. Mke wangu Nazaria naye anasema funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mwiba bado upo, na sijui unatoka wapi, maana aliyesingiziwa amenisamehe na hataki niseme. Je, nimtii kompadre, au niseme?

Karani, Peña Mocha, 22 Novemba

*

Ndugu Karani,

Kwanza vuta pumzi. Hukuiba kura, hukuuza kura, na mwalimu aliyemwendea baba yako kwa miguu anastahili mstari mmoja kwenye karatasi. Kwa hilo huna wa kumwomba radhi.

Unalostahili kukemewa ni ule mkono ulionyoosha tarehe 31 huku moyo umekaa chini. Eleuterio alibisha mbele ya watu. Wewe ulinyamaza, ukabishia gizani, adhabu akaibeba yeye. Huo si ujanja, ni woga.

Unasema hujui mwiba unatoka wapi. Hebu soma tena barua yako. Tarehe 9, Casilda. Tarehe 11, Casilda. Tarehe 16, Casilda amepiga magoti kwenye jiwe. Wewe ndiye mwandika zamu, bwana! Jina lake lilikuwa kwenye orodha yako, ukaona akirukwa, ukaenda kuliandika kwenye shajara badala ya kuliita kwa sauti. Kisha ukaenda kuomba msamaha kwa mumewe, ambaye amepata likizo na saluti za vijana, akakusamehe upesi. Kwa nini asikusamehe? Anasamehe kwa mgongo wa mkewe. Umemuuliza anayecheka, hujamuuliza anayesaga.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya Jumapili nenda kwa Casilda, uende na Nazaria, na hayo mambo yake ya kufunika kombe ayaache nyumbani. Mwambie ukweli, na akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Jumapili omba kusema kabla ya ajenda yoyote. Sema kwamba kura ni yako, kwamba ulidanganya kwa mkono na unaomba radhi kwa hilo, na kwamba nyumba ya Eleuterio haina hatia. Halafu kaa. Usihutubie. Wakikutwika sikukuu, ipokee na uanze kunenepesha nguruwe. Eleuterio akirudishiwa zamu yake akanuna, mwache anune. Ni mtu mzima, na kununa kwake hakumvunji mtu magoti.

Usiogope kupita kiasi. Wahandisi wameshapima mto, Arrechea ameshinda, na wale wanawake watachoka na jina lako haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu mwenye kosa akijitaja mwenyewe, mchezo wa kumtafuta umekwisha.

Gazeti hili linakufikia Alhamisi. Casilda yuko nyumbani, mikono inamuuma. Nenda sasa hivi.

Doña Remigia