Chuma ya Kilo Makumi Mbili

Siku ya kwanza ya juma, 2/6
Nimepima mikono tena. Yote mbili juu, macho nimefunga, nahesabu mpaka kumi. Imebaki sawa. Kisha nacheka mbele ya kioo kama mupumbavu, nione kama mudomo inapinda. Siku ya kumi na mbili tangu shituko ya moyo inipige. Munganga ya lopitalo alisema damu inaweza kuganda ndani ya moyo, kipande kikapanda mu kichwa: kiharusi. Miezi ya kwanza ndiyo ya hatari. Mi nimejipa siku kumi na ine. Tarehe 16 narudia depo yangu ya kununua shaba.

Siku ya pili, 3/6
Kule Mutoshi, kwa bachimbaji, mudogo wangu Ilunga njo anakaa kwa balansi yangu, anapima mifuko ya shaba. Ile depo niliijenga mi peke. Sasa banamuita patron, mukubwa wao. Inaniuma kuliko kifua.

Siku ya ine, 5/6
Ilunga amepita. Nikamuuliza kama anapima chuma. Tuko na chuma ya kilo makumi mbili. Kila asubui unaiweka kwa balansi mbele ya kufungua. Ikionyesha kilo ingine, hatununui kitu. Akacheka: "Yaya, kaka yangu, balansi ni nzima. Weye njo mugonjwa."


Siku ya Mungu, 8/6
Mukono ya kushoto imeshuka. Nilikuwa nahesabu, nimefika sita. Haikuuma. Nikasema jina ya muke yangu, Kapinga; ikatoka kama mutu mwenye tonge ya bukari mu kinywa. Dakika kumi hivi. Kisha yote sawa. Nikahesabu tena: kumi kamili.
Sijamuambia mutu. Kapinga anavaa, anaenda misa. Nikisema, bananilaza tena lopitalo. Ilunga anakalia kiti yangu mpaka Noeli.

Siku ile ile, kisha kupita saa nzima
Nimekumbuka balansi yetu ya zamani. Siku moja chuma ilionyesha kumi na saba, kisha ikarudi makumi mbili yenyewe. Batu balisema imepona. Mi sikuiamini tena, ile balansi niliitupa.
Nimemuita Kapinga, alikuwa tayari kwa mulango, nikamuambia yote. Akasema: "Ulikuwa unangoja nini, weye mutu ya mahesabu?" Ilunga yuko njiani na motoka.

Siku ya tatu, 11/6
Lopitalo. Ile ilikuwa onyo, munganga anasema. Ya pili ingeweza kuniacha kitandani. Akanigombeza sana kwa ile saa nzima niliyongoja. Dawa mupya, damu isigande. Tarehe 16, hapana. Siku ya kurudia kazi ataisema yeye.

Siku ya tano, 13/6
Ilunga amefika lopitalo asubui, mavumbi ya Mutoshi kwa viatu. Anasema amepima chuma: makumi mbili. Kisha akasema, "Yaya, mikono juu." Alihesabu yeye. Polepole, polepole zaidi yangu.
Nilimuacha ahesabu mpaka kumi.