Springi Uliyoigeuza, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako hapa karakana, mlango wazi, na mlima umejitokeza wote asubuhi hii. Mama hajambo. Ng'ombe wetu amezaa jike, na Mama amempa jina la shangazi. Shangazi amenuna wiki nzima. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe, halafu ungempelekea mkungu wa ndizi wa kumtuliza.

Kibali cha kutengeneza bunduki kimetoka kwa jina langu. Nilisubiri sana, nikienda polisi na kurudi, huku bunduki za wateja zimehifadhiwa kwao kama sheria inavyotaka. Kilipotoka nilikuja hapa, nikafagia, nikapaka vifaa vyako mafuta, nikalia. Kisha nikafungua mlango.

Sasa nikwambie la Mzee Aminieli wa Masama, yule mwindaji rafiki yako.

Alikuja mwezi uliopita, mkono wa kushoto umefungwa hogo la plasta, raifoli yake ya zamani ikiwa begani kwenye mfuko wa turubai. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Mwanangu," akasema, "bunduki hii ilitaka kuniua."

Alikuwa amekwenda nyikani kuwinda kwa leseni yake, kama kila msimu. Alimpiga nyati, nyati hakuanguka. Akavuta bolti ya kupakia risasi, akaisukuma mbele, akafyatua. Tik. Chemba tupu. Magazini ilikuwa na risasi, na hakuna hata moja iliyopanda. Nyati akamjia. Mzee aliruka korongoni akavunjika mkono, na askari wa wanyamapori aliyekuwa naye ndiye aliyemmaliza yule mnyama.

"Tangu baba yako aisafishe, sijaigusa ndani," akaongeza. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Baba, nilitaka kosa liwe lake. Nilianza na yeye, kama ulivyonifundisha, kwamba mtu mwenye hofu haivuti bolti mpaka mwisho, kwa hiyo haifiki nyuma ya risasi. Nikamwomba anionyeshe kwa mkono wake mzima. Aliivuta mpaka ikagonga. Nikapima risasi zake, urefu ulikuwa sawa. Nikapapasa kingo za magazini, hazikuwa zimepinda. Ndipo nikaipeleka ndani, nikaijaza zile risasi zetu za shaba zisizo na baruti, ulizozichonga mwenyewe. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikainamisha pua, bolti ikapita juu yake kama vile haipo. Nikarudia. Vilevile. Nikarudia tena.

Nikafungua mfuniko wa chini.

Springi ilikuwa imegeuzwa. Upande mpana, unaotakiwa kukaa kwenye mfuniko, ulikuwa umelazimishwa kwenye kile kibao kinachobeba risasi. Kibao kikawa kinalalia upande mmoja na kukwama. Nilikusikia masikioni: "Mwembamba juu, mpana chini, Anaeli. Hata ukisahau jina lako, usisahau hilo." Ulinifundisha hivyo kabla hujaniruhusu kushika bisibisi.

Na nikaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa masika yako ya mwisho, mvua inapiga bati, umeinama karibu na dirisha. Nilikuuliza kama nikusaidie. Ukasema, "Bado naona." Nilijua huoni, Baba. Nilishakuona ukimimina chai nje ya kikombe na kupangusa haraka kwa mkono wa shati. Ulipomaliza, nilipaswa kuijaribu bunduki ile kama tunavyojaribu kila inayotoka hapa. Sikuijaribu. Niliogopa utadhani nakukagua. Nikaifunga kwenye mfuko wake, nikamkabidhi Mzee.

Mzee alikuwa kule mbele, hakuona chochote. Ningeigeuza springi kwa dakika mbili, nimwambie ni uchafu tu. Angeniamini, na jina lako lingebaki lilivyo. Niliishika ile springi mpaka ikaniachia alama kiganjani. Nikamwambia aiache, nitampigia.

Siku ya tatu nilikata jani la sale, lile tunaloombea msamaha, pale mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, nikalifunga fundo, nikapanda Masama. Nilimkuta barazani na mkewe. Nikampa jani lile kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikaomba msamaha kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Nikamweleza yote, hata ile chai.

Aliligeuza jani, akapapasa fundo lake.

"Ungenyamaza," akasema, "nisingejua mpaka nakufa."

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa na mimi nikwambie langu. Siku nilipoileta, nilimkuta baba yako anapapasa meza akitafuta skrubu. Ilikuwa mbele yake, inang'aa. Nikasema moyoni, nikichukua bunduki yangu nikaondoka, atajua kwa nini. Sikuweza kumfanyia hivyo. Nikaiacha."

Basi nikalia, Baba, naye akapangusa macho kwa hogo lake. Mkewe akatutazama, akatikisa kichwa. "Mlimpenda kijinga, nyote wawili," akasema, akaingia jikoni kutuletea machalari ya ndizi na nyama.

Wiki iliyofuata alikuja kuichukua. Niliijaza mbele yake, nikampa aivute mwenyewe. Zote zikapanda, moja baada ya nyingine, na yeye akihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule. Kisha akaniambia kwamba akipona ataniletea na ile ya ndugu yake.

Nimekukasirikia kidogo, sitakuficha. Ungesema tu, "Anaeli, nishikie hapa." Ningekushikia, na wala usingepungua chochote machoni pangu. Lakini nami ningeweza kusema, sikusema. Kwa hiyo tusameheane.

Ninakuahidi mambo mawili. Hakuna bunduki itakayotoka hapa bila kujaribiwa, hata kama aliyeitengeneza ni mtu nimpendaye kuliko wote. Na siku macho yangu yakianza kunidanganya, nitasema mwenyewe, mapema, kabla watu hawajalazimika kuninyamazia kwa huruma.

Pumzika, Baba yangu. Kahawa iliyo jirani na kaburi lako imeanza kuwa nyekundu. Kesho nakuja kuichuma.

Binti yako,
Anaeli